Alichokiandika Marlena Juu ya Mama Yangu

Kijitabu kilifika Julai, wakati mikono yangu imejaa magamba ya samaki. Mjomba Percy alikitoa posta akaja nacho amekinyanyua juu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Akaingia banda la moshi bila kuinama, moshi ukamjaa machoni, akawa anacheka huku machozi yanamtoka.

"Mama! Mwanangu yumo humu! Picha yake hii hapa!"

Bibi alikuwa amekalia ndoo iliyofunikwa, anapasua samoni. Bibi Eunice ndiye mkuu wa nyumba yetu, yaani ukoo wetu, nyumba ya Mbwa-mwitu, na kisu chake hakisimami kwa ajili ya picha.

"Nawa, Ardis," akaniambia. "Kisha utusomee."

Mimi niliishia darasa la sita. Nasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Bibi hupenda nimsomee mimi kuliko hao waliosoma sana. Anasema waliosoma hukimbia na maneno kana kwamba yatawauma.

Kijitabu kilitoka chuo kikuu kimoja huko Vancouver. Kilikuwa na wanafunzi wa mataifa ya asili, watu kama sisi tuliokuwepo kabla ya wazungu, waliopewa tuzo ya kusomea shahada ya pili. Tuzo yenyewe si ya kupigiwa makofi tu: ada, chumba, chakula, vyote vinalipiwa, na mwaka wa pili unapewa tena ukileta barua kutoka kwa watu wako. Kila mwanafunzi alikuwa na picha, na chini yake maneno aliyoyaandika mwenyewe kueleza ametoka wapi. Marlena, binti wa mjomba, alikuwa ukurasa wa tisa. Alikuwa amesuka nywele mikia miwili, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya maishani mwake.

Nikasoma: "Mimi ni binti wa nyumba ya Mbwa-mwitu."

Kisu cha Bibi kikasimama. "Wa nyumba gani?"

"Ya Mbwa-mwitu, Bibi. Ndivyo ilivyoandikwa."

Mjomba akakohoa. "Ni namna ya kusema tu, Mama. Wale wazungu ukiwaeleza yote watalala."

Kwetu mtoto ni wa mama yake. Mama yake Marlena ni mtu wa nyumba ya Chura, kutoka Terrace, na huko ndiko alikomlea, na Marlena ni Chura hata akisuka nywele zikafika kisiginoni. Bibi aliguna, kisu kikaendelea. Mimi nikashusha kidole kwenye mstari uliofuata, nikausoma kimoyomoyo.

"Nimetoka kwenye majeraha. Shangazi yangu Glenda alizama mtoni akiwa amelewa, kama wengi wa kwetu, akaacha mtoto yatima asiyemaliza shule. Ninasoma kwa niaba yao."

Glenda ni mama yangu. Huyo yatima ni mimi.

"Mbona kimya?" Bibi akauliza.

"Moshi, Bibi."

Nikapangusa macho, nikasoma kisichokuwepo. "Bibi yangu ndiye aliyenifundisha kupasua samaki."

Bibi akacheka mpaka ndoo ikayumba. "Yule? Yule anapasua samaki kama anafungua bahasha!"

Mama mdogo Bernice, binti wa dada yake Bibi, aliyekuwa anapanga vipande kwenye fito, naye akacheka. Mjomba Percy hakucheka. Alikuwa ameshakisoma kijitabu huko posta, akadhani sisi tutatazama picha tu. Aliniangalia mikono, hakuniangalia uso, kisha akasema ana kazi ya injini akatoka. Safari hii aliinama mlangoni.

Nikakitia kijitabu ndani ya shati nikarudi kwenye samaki. Siku hiyo nilipasua sitini na wawili na sikukosea hata mmoja.

Mama yangu hakuwa mlevi. Hata bia hakuwahi kuionja. Miaka kumi na mmoja iliyopita, mwezi wa Machi, watu wote walikuwa mtoni kuvua vidagaa vya mafuta, barafu imeanza kulainika. Mjomba Percy alikuwa amekunywa tangu asubuhi. Alipanda pikipiki ya theluji akaiendesha pale pale alipokatazwa, barafu ikapasuka, akaingia yeye na pikipiki. Mama alitambaa kwa tumbo na kamba mkononi mpaka akamfikia, akamfunga kifuani, watu wakavuta. Mjomba akatoka. Kisha barafu aliyolalia mama ikakatika kipande kizima, kama mkate. Tuliona watu kumi na wanne. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimeshika ndoo.

Jioni ile Bibi aliwakusanya wote jikoni kwake, akasema maneno machache: "Percy asitajwe. Nilikuwa na wawili, nimebakiwa na mmoja. Atakayemtaja ananiua mimi." Bibi akisema hivyo, kijiji kinafunga mdomo. Mimi nikaacha shule ili nimwangalie, maana hakula siku nyingi.

Nasi tulinyamaza. Sikujua kwamba ukimya wetu ulikuwa unamfugia mjomba uongo.

Wanasema subira huvuta heri. Yangu ilikuwa inavuta kitu kingine. Agosti nilikwenda kiwandani Prince Rupert kusafisha samaki kama kila mwaka, na mwisho wa msimu nikamaliza kulipia jiwe la kaburi la mama. Kwetu jiwe ndilo linalofunga msiba. Siku ya kulisimamisha panafanyika karamu kubwa, nyumba zote zinaalikwa kuwa mashahidi, na marehemu anasemwa: alikuwa nani, alifanya nini, alikufaje. Kikishasemwa ukumbini, mashahidi wakala wakapewa zawadi zao, basi ndicho kilichotokea. Hakuna wa kukibadilisha.

Novemba Marlena akapiga simu.

"Dada Ardis! Hujambo mpenzi? Nimewamisi jamani, nimemisi hata ule moshi."

"Moshi upo. Hauendi popote."

"Haya, sikia. Nina shida ndogo. Wanataka barua ya mwaka wa pili. Kwamba mimi ni wa hapo, kwamba nashirikiana na jamii, unajua tena. Iandike tu wewe, mistari mitatu, Bibi aweke sahihi. Nitakutumia maneno, unakili."

"Bibi hawezi kutia sahihi kitu cha nyumba nje ya ukumbi."

"Ai, Ardis. Karatasi tu hiyo."

"Ndivyo alivyo. Lakini Machi tunasimamisha jiwe la mama. Watu wote watakuwepo. Njoo, uombe barua mbele za watu. Na huyo mama anayesimamia tuzo, mlete."

"Bi Whitcombe? Umlishe nini huyo?"

"Tutamlisha tunachokula."

"Atafurahi, hujui tu! Kila siku ananiuliza lini atakwenda kuona jamii." Kisha akashusha sauti. "Ardis, hujakasirika? Kwa kuwa mimi nimepata na wewe..."

"Nimekasirikia nini?" nikasema. "Kuna kitu cha kukasirikia?"

"Hapana. Hapana, dada."

Hapo ningeweza kumuuliza swali moja: nani amekwambia mama yangu alikuwa amelewa? Lilikuwa kwenye ulimi. Nikalimeza, nikamtakia usiku mwema.

Machi ikafika. Saa nane mchana tulilipeleka jiwe makaburini kwa gari la mama mdogo Bernice, mvua ya theluji ikinyesha, tukalisimamisha. Halafu tukashuka ukumbini. Sisi watu wa Mbwa-mwitu ndio tulikuwa wenyeji, kwa hiyo hatukukaa; wenyeji huhudumu. Jikoni palikuwa na masufuria manne ya mchuzi wa nyama ya kulungu mkubwa wa misitu ya kwetu, mayai ya samaki kwenye mwani, mikate ya kukaanga, na bakuli la mafuta ya vidagaa kila meza.

Marlena akaingia na Bi Whitcombe. Mwanamke mrefu, viatu vya theluji vipya, anamsalimu kila mtu kwa mikono miwili. Lakini hakuna aliyemtazama yeye. Marlena alikuwa amevaa joho la vifungo, lile la karamu linalobeba nembo ya nyumba ya mtu, jeusi na jekundu, na mgongoni amejishonea mbwa-mwitu.

Mama mdogo Bernice aliachia mwiko ukazama sufuriani.

"Ardis. Ninaona vibaya au yule Chura amevaa mbwa?"

"Unaona vizuri, mama mdogo."

"Nani kampa?"

"Kajipa."

"Yesu wangu. Na anakwenda kukaa wapi? Anakwenda kukaa wapi yule? Tazama! Anatafuta meza ya Mbwa-mwitu na sisi wote tuko jikoni!"

Wanawake wakagongana mabega kwa kicheko. Marlena alizunguka mara mbili. Hakuwahi kukaa kwenye karamu ya kwetu tangu utoto, hakujua kwamba wenyeji hawana meza. Mwisho Stanley, mkuu wa nyumba ya Chura, kaka wa mama yake mzazi, akavuta kiti karibu naye, akakipigapiga. "Njoo ukae kwenu," akasema, si kwa ukali. Akakaa na mgongo wake ule.

Tulilisha watu wakashiba. Kisha nikavua aproni, nikaenda mbele kwenye kipaza sauti. Mimi si msemaji. Nikakishika kwa mikono miwili.

"Mimi ni mwana wa Glenda," nikasema. "Leo mama anasemwa. Mimi sina shule, sijui kupanga maneno. Lakini tuna msomi, na ameshamwandika mama yangu vizuri kabisa, chuo kizima kimesoma. Sisi tu ndio hatujasikia. Marlena, karibu."

Nikatoa kijitabu, nikakifungua ukurasa wa tisa, nikampelekea pale pale mezani.

Rangi ilimtoka. "Ardis," akanong'ona, "si mahali pake hapa."

"Mahali pake ni wapi?"

"Tafadhali."

Bi Whitcombe akamshika bega. Uso wake uling'aa kwa wema, maskini. "Soma, Marlena! Mimi nililia nilipoyasoma. Kamati nzima ililia. Ndiyo yaliyokupa tuzo!"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na kitambaa begani. Aliniangalia. Mimi sikumwangalia. Bibi alikataza tusiseme, hakukataza tusisikilize.

Marlena akasimama. Alisoma ule mstari wa nyumba ya Mbwa-mwitu, na minong'ono ikapita meza hadi meza. Kisha akaruka. Akasoma habari za utafiti wake, majina ya mahali, lugha.

"Umeruka," Bi Whitcombe akasema kwa upole, akiwa na nakala yake mkononi. "Ile sehemu ya shangazi yako. Ndiyo nzuri zaidi."

Nilikuwa nimepanga mengi kwa miezi minane, lakini hilo sikulipanga. Hilo nilipewa bure.

Marlena akasoma. Alisoma polepole, kama mimi ninavyosoma, kwa kidole. "Shangazi yangu Glenda alizama mtoni akiwa amelewa, kama wengi wa kwetu."

Ukumbi una watu mia mbili na nilisikia kijiko kikiwekwa mezani.

Stanley akainuka taratibu. Yeye ndiye aliyeshika mwisho wa kamba siku ile. Viganja vyake vina kovu mpaka leo. "Mwanangu," akasema, "nani amekwambia hayo?"

Marlena akageuka kumtafuta baba yake. Mjomba Percy alikuwa ukutani, karibu na mlango wa nje, ameshika rundo la sahani chafu.

"Baba?" akasema. "Si ndivyo ulivyoniambia?"

Mjomba akaangalia sahani.

"Baba, sema basi. Uliniambia hivyo mwenyewe. Uliniambia ndiyo sababu hunileti kwenye karamu za huku."

Hapo ndipo nilipojua kwamba Marlena hakujua. Miezi minane nimelala na hasira yake na kuamka nayo, nikidhani anajua. Nikajitafuta huruma ndani, nikaikuta kidogo, kama makombo mezani, nikayafuta. Hakujua alivyokufa mama, sawa. Lakini hakuuliza. Alikuta kifo cha mtu barabarani akakiokota akakiuza, na bado alikuwa amevaa mbwa wetu mgongoni.

Stanley akamtazama Bibi. Watu wote walioshika ile kamba wakamtazama Bibi. Alikuwa amekunja kitambaa mara nne, anakikunja tena na hakikunjiki.

"Percy," akasema mwishowe. "Weka sahani chini. Mwambie mtoto wako nani alikuwa amelewa."

"Mama..."

"Nimekuficha miaka kumi na mmoja na wewe umekwenda kumvika dada yako nguo zako. Sema."

Mjomba akaweka sahani sakafuni. Hakuja kwenye kipaza sauti, lakini wote tulimsikia.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa nimelewa. Niliingia na pikipiki. Glenda alinifuata akanifunga kamba, nikawa nanuka pombe hata akageuza uso pembeni ili apumue." Akajifuta pua kwa mkono. "Mtoto alipouliza shangazi alikufaje, sikuweza. Nikasema tu. Kila mwaka nikawa nasema nitamrekebisha mwakani."

Nikarudi kwenye kipaza sauti kabla mtu hajaanza kulia, maana wakianza kulia ingekuwa karamu ya Percy.

"Mashahidi mmesikia," nikasema. "Glenda wa nyumba ya Mbwa-mwitu alikufa akimtoa kaka yake mtoni. Hakuwa amelewa. Semeni kama mmesikia."

Stanley akapiga meza kwa kiganja: "Nimesikia!" Chura wote wakapiga, na nyumba nyingine zikafuata, vikombe vikaruka. Nilitaka makofi yale yasiishe.

Yalipoisha, Bi Whitcombe alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Mtu wa pembeni alikuwa anamweleza kwa kunong'ona. Aliniita kwa kidole, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na... ile barua? Tulikuja kwa ajili ya barua."

"Barua ya mtu wa Chura inaandikwa na Chura," nikamjibu.

Stanley alisikia. "Nitaandika," akasema. "Nitaandika kwamba ni mtoto wetu, ni Chura, na kwamba alichowaandikia mwaka jana juu ya Glenda ni uongo, na nitaeleza ukweli wake. Kamati ikilia tena, ilie. Ikimpa tuzo kwa hayo, impe. Ikimnyima, ndiyo hivyo."

Marlena akasema, "Mjomba, watanifukuza."

"Bora ufukuzwe kwa jina lako," Stanley akasema.

Bibi akapita katikati ya meza mpaka akamfikia. Hakumgombeza. "Vua," akasema. Marlena akafungua joho, Bibi akalikunja mbwa akawa ndani, akalibeba kwenda nalo jikoni. Binti akabaki na fulana yake ya chuo, mabega yameingia, kama kuku aliyenyeshewa.

Kisha Bernice akasema kile ambacho wote tulikuwa tunakijua. Kwetu mtu akiaibika mbele za nyumba zote haachwi na aibu yake. Anaoshwa, na wanaomwosha ni watu wa upande wa baba yake. Upande wa baba yake Marlena ni sisi. Mwanamke wa rika lake katika nyumba yetu ni mmoja.

"Basi ni wewe, Ardis," Bernice akasema. "Kesho asubuhi. Nitakuchemshia maji?"

"Usijisumbue."

Asubuhi nilimpitia. Alikuwa hajalala, macho yamevimba. Tulishuka mtoni wawili tu. Bibi na Stanley walisimama juu ya ukingo kuwa mashahidi. Nilitoboa barafu karibu na ukingo, pale ilipo nene, nikachota ndoo. Vipande vya barafu vilikuwa vinagongana ndani yake.

"Piga magoti."

Akapiga magoti. Nilichovya kitambaa, nikamwosha uso. Akavuta pumzi kwa meno lakini hakusogea. Nikachovya tena, nikamwosha paji la uso, macho, mdomo. Mdomo nilikaa nao.

"Ulijua tangu lini kwamba nimeandika vile?" akauliza.

"Julai."

"Julai! Ardis, na nilikupigia simu Novemba. Ungeniuliza. Swali moja tu. Ningefuta, ningeandika barua chuoni mwenyewe, nisingekuja kusimama pale mbele ya..." Meno yalikuwa yanagongana, maneno yakakatika.

"Ungeniuliza wewe kwanza," nikasema, "kabla hujamwandika mama yangu. Namba yangu ulikuwa nayo."

Nilimwosha mikono, kidole kwa kidole, vikawa vyekundu, halafu vyeupe. Juu ukingoni Bibi alikohoa. Nilijua maana ya kikohozi kile: kwamba desturi inataka mtu aoshwe, si agandishwe, kwamba maji yakishagusa uso na mikono, kazi imeisha, unamfunika blanketi unamrudisha nyumbani kwa chai. Blanketi lilikuwa begani kwangu. Bibi akakohoa tena.

Marlena aliinua uso, nyusi zimeganda maji. "Imetosha, dada?"

Nikachovya kitambaa.

"Bado shingo," nikasema.